Mdogo wangu yuko misheni Zambia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mama akienda Soko la Mgandini, hapa Tanga, kununua nazi, safari ya nusu saa inageuka ya asubuhi nzima. Kila baada ya vibanda viwili kuna mtu wa kumsimamisha: "Mwanao yu wapi siku hizi? Mbona hatumwoni?" Akijibu hilo linafuata la pili, na la tatu, na kabla hajamfikia muuza nazi ameshahojiwa kuliko mgombea ubunge. Ndipo akanigeukia: wewe uliyesoma, yaandike hayo majibu mara moja, nami niwe nawatumia watu kwenye simu.

Haya hapa. Mimi ni dada yake mkubwa. Si muumini wa kanisa lake. Nimebaki Anglikana kama bibi alivyotulea kule Muheza. Anayetafuta mahubiri humu atayakosa.

Hasa yuko wapi, na anafanya nini?

Yuko Kitwe, Zambia, kwenye ukanda wa migodi ya shaba. Ni mmisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao watu wengi huwaita Wamormoni. Alijiunga nalo akiwa chuoni Dar es Salaam. Kutwa anafundisha dini kwa wanaotaka kufundishwa, anatembelea waumini majumbani na kusaidia kazi za mikono. Si padri wala mchungaji, na chuo cha teolojia hajakiona kwa macho.

Alichagua Zambia mwenyewe?

Hapana. Unajaza maombi, unapimwa afya na meno, unahojiwa na viongozi wako, kisha unakaa unasubiri. Wito unatoka makao makuu ya kanisa, Salt Lake City, Marekani, na ndio unaokwambia uende wapi. Mama aliomba iwe Nairobi ili awe anapanda basi kwenda kumwona. Ikaja Zambia. Baadaye tukajua kwamba hata ingekuwa Nairobi asingeruhusiwa kwenda kumtembelea, maana ziara za familia hazitakiwi wakati wa misheni.

Kabla ya kufika Kitwe alipita kwenye kituo cha mafunzo cha wamisionari Johannesburg, wiki chache tu.

Anakaa muda gani?

Wavulana wanakaa miezi 24, wasichana miezi 18. Wavulana wanaweza kuanza wakiwa na miaka 18, utaratibu uliotangazwa Oktoba 2012. Kabla ya hapo ilikuwa 19. Hakuna likizo katikati, na Krismasi harudi nyumbani.

Sasa siku saba zake zinakwendaje? Anaamka anasali tu?

Hili ndilo swali la shangazi, na anastahili jibu refu.

Wiki yao inaanza Jumatatu, na Jumatatu ndiyo siku pekee inayofanana na maisha yetu. Wanaiita siku ya matayarisho. Anafua, anapiga pasi, ananyolewa, anakwenda sokoni, anasafisha nyumba, anaandika barua pepe na kutupigia simu. Msidhani kufua ni jambo dogo. Mashati yake ni meupe, na Kitwe wakati wa kiangazi ina vumbi jekundu linaloingia hadi kwenye mshono wa kola. Kijana huyu hapa nyumbani alikuwa akiacha soksi chini ya kitanda mpaka mama azifuate na fagio. Siku hizi anatueleza tofauti ya sabuni ya mche na ya unga, na kwamba kola husuguliwa kabla ya kulowekwa. Mwaka 2024 ukame ulipopunguza maji ya bwawa la Kariba, umeme Zambia ulikuwa ukikatika kwa saa nyingi mno kwa siku, na pasi ya mkaa ikarudi kuwa mali. Anasema ameipenda. Mama anasema muujiza ndio huo, huo mwingine awaeleze Wazambia.

Jumatatu hiyo haifiki usiku. Ikigonga saa kumi na mbili jioni anafunga tai, wanatoka kwenda kufundisha.

Siku nyingine zina ratiba ambayo ukiisoma utadhani ni ya jeshi, ila haina kelele. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ameshaamka (kwetu Tanga ni saa moja na nusu, maana Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja). Mazoezi nusu saa, kuoga, kula. Kisha anasoma maandiko peke yake, halafu pamoja na mwenzake, na wanapanga watakayokwenda kufundisha. Saa nne wako barabarani. Usiku wanatakiwa wawe nyumbani saa tatu, na taa zinazimwa saa nne na nusu.

Katikati ya hapo kuna nini? Kutembea. Nilipomuuliza kazi yenyewe hasa ni ipi, nikitegemea jibu la kiroho, akanijibu: ni kutembea, dada. Wanakwenda kwa miguu au kwa basi dogo, mitaa kama Chimwemwe na Buchi, kwenda kuonana na mtu waliyeahidiana naye. Nusu ya ahadi hazitimii. Mtu kakwambia uje saa nane, unafika unakuta kufuli, au mtoto anatumwa mlangoni kuja kusema baba hayupo huku kikohozi cha baba kinasikika ndani. Wanaandika kwenye simu, wanakwenda kwa mwingine. Katika wiki yake nzima hili ndilo ninaloliheshimu kuliko yote. Kijana wa umri wake kukataliwa mara kadhaa kwa siku, kwa heshima au bila heshima, na kesho asubuhi akafunga tai ileile, si kazi ya mchezo.

Jumanne wanakutana na wamisionari wengine wa eneo lao, wanajifunza na kupeana taarifa. Katikati ya juma huingiza kazi za kujitolea: kumpalililia mjane mahindi mvua zinapoanza, kubeba tofali, kumhamisha mtu nyumba. Ijumaa wanakaa kupanga wiki inayofuata. Jumamosi ina shughuli kuliko siku zote, maana ndiyo watu wako nyumbani, na mara nyingi ndiyo siku ya ubatizo kama yupo wa kubatizwa.

Jumapili ibada yao inachukua muda wa saa mbili; zamani ilichukua saa tatu, ikapunguzwa mwaka 2019. Sakramenti ni mkate na maji, divai hawatumii. Wanaoongoza na kuhubiri ni waumini wenyewe, mafundi, walimu, wauza duka, na hakuna anayelipwa kwa kuongoza. Jumapili ya kwanza ya mwezi wanafunga, yaani wanaacha milo miwili, na thamani ya chakula hicho inakwenda kwa wasiojiweza. Majirani zetu wa Kiislamu walipolisikia hili la kufunga wakamwona kijana kidogo amepanda daraja.

Mbona kila picha yuko na yule kijana mmoja? Ni nani yake?

Ni mwenza wake wa kazi. Wamisionari hawa hawatembei peke yao. Wanakuwa wawili wawili, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, na kila mmoja anatakiwa awe mahali anapoweza kumwona au kumsikia mwenzake. Wanaishi nyumba moja, wanakula pamoja, wanatoka pamoja na kurudi pamoja. Hawachaguani. Takriban kila wiki sita hutoka mabadiliko: mmoja anahamishwa, mwingine anabaki, au wote wanabaki. Hadi sasa ameishi na Mkongo, na Mzimbabwe, na Mmarekani kutoka Idaho ambaye hakuwahi kupika chochote kisichotoka kwenye boksi.

Mkiniuliza mimi, hili ndilo shule kubwa kuliko hizo barua za mtume Paulo. Kukaa na mtu usiyemchagua, usiweze kununa ukaenda kulala kwa rafiki! Mzimbabwe alikuwa anaimba alfajiri. Mdogo wangu, ambaye humu ndani aliwahi kususa chakula kwa sababu ya rimoti, alijifunza kumwambia mtu mzima mwenzake: naomba uimbe baada ya saa moja asubuhi. Na yule akaacha.

Kwa nini hapigi simu kila siku? Mmemfungia?

Hajafungiwa na mtu. Anapiga mara moja kwa wiki, Jumatatu, na ni kwa video. Wanaosema ni kidogo wajue kwamba kabla ya Februari 2019 wamisionari hawa walikuwa wakiongea na familia mara mbili tu kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Mama. Zilizobaki zilikuwa barua.

Kwetu simu inaingia jioni. Baba anakuwa ameshatoa viti barazani, jirani mmoja au wawili wamepita "kwa bahati", na mimi ndiye mwenye bando. Mkitaka kumwona njooni, mlango uko wazi. Ila naomba tusizungumze wote kwa pamoja.

Analipwa shilingi ngapi?

Halipwi. Hata senti. Familia inachangia kadiri inavyoweza, na kwa wanaotoka nchi kama zetu mfuko wa kanisa unajazia kilichopungua. Misheni inamlipia nyumba, na kila mwezi anapata posho ya chakula na nauli ambayo ikiisha imeisha. Kwa hiyo anayefikiri atarudi na gari, au amtumie pesa ya ada ya mtoto, asubiri kwanza kijana apate kazi.

Bibi hakushangaa hata kidogo niliposoma hili. Alikulia jirani na Magila, ambako wamisionari wa Kiingereza wa UMCA, misheni ya vyuo vikuu, walikuwa na kituo tangu karne ya 19. Mmoja wao, John Farler, alifika mwaka 1875. Wale nao hawakuwa na mshahara, ni posho ndogo tu, wala hawakuoa wakiwa kazini. "Kwani hawa wa sasa wamezua nini?" ndivyo bibi alivyoniuliza. Tofauti anayoiona yeye ni moja: zamani kijana alitoka kwao Uingereza akaja Bonde, kwetu huku Muheza, kufundisha, sasa kijana wa Bonde ndiye anatoka kwenda kwa watu. Alilisema hilo mara mbili mezani, mara ya pili kwa sauti.

Ni kweli hanywi chai?

Kweli. Chai ya majani, kahawa, pombe na tumbaku, vyote marufuku. Ni agizo wanaloliita Neno la Hekima, la tangu mwaka 1833. Kwake halikuanza Zambia, lilianza humuhumu ndani, na kwa mji ambao mgeni hakaribishwi mpaka kikombe kitue mezani, lilileta mtihani. Mzee wa kahawa pale kona alidhani ametukanwa.

Tukajifunza. Mchaichai anakunywa, maji ya tangawizi bila majani anakunywa, uji, maziwa, dafu, vyote halali. Huko Zambia wanampa maheu, kinywaji cha unga wa mahindi kilicho baridi na kitamu, na tatizo limekwisha. Akirudi, tafadhali, atakayemkaribisha aweke sufuria ya mchaichai pembeni na maneno yaishie hapo.

Anakula nini?

Nshima, ambayo ni ugali wetu, ila wao wanaufinya mwororo kidogo na wanaula kwa adabu zaidi: maji ya kunawa yanapitishwa kuanzia kwa mkubwa. Kapenta, yaani dagaa wa ziwani. Mboga za majani zilizopikwa kwa karanga. Amekula ifinkubala, wale viwavi wanaokaushwa na kukaangwa, na anasema ni kama kamba wadogo wa Tanga. Mama alinyamaza muda mrefu kidogo.

Anachokosa ni nazi, machungwa ya Muheza na samaki wa maji chumvi.

Anaongea lugha gani?

Ibada nyingi mjini ni kwa Kiingereza, lakini majumbani ni Kibemba, na bila Kibemba unabaki mlangoni. Anasema Kibondei cha bibi kimemsaidia kuliko alivyotegemea.

Wazambia si Wakristo tayari? Anawafundisha nini tena?

Swali zuri, na nilimuuliza hivyohivyo. Zambia ilitangazwa kuwa taifa la Kikristo tangu Desemba 1991 na Rais Chiluba. Kila mtaa una Wakatoliki, Wasabato, Kanisa la Muungano la Zambia na wengineo. Mashahidi wa Yehova ni wengi sana, kiasi kwamba mdogo wangu na mwenzake wakibisha hodi watu wanawapa jibu waliloliandaa kwa ajili ya wale. Hivyo kazi yake si kuwaambia watu Mungu yupo. Anawaeleza imani ya kanisa lake na Kitabu cha Mormoni, andiko lao takatifu (tafsiri ya Kiswahili ilitoka mwaka 2000, anayeitaka tunayo moja kabatini), na anayetaka kuendelea anaendelea.

Mimi binafsi sioni raha mtu kuhama kanisa moja kwenda jingine, na yeye analijua hilo. Tumelizungumza, hatukukubaliana, tukahamia habari za mpira.

Wanabatiza watoto wa watu au wake za watu kwa siri?

Hapana. Hakuna anayebatizwa chini ya miaka 8; aliye chini ya umri wa utu uzima lazima wazazi wakubali; na aliye kwenye ndoa lazima mwenzi wake aridhie. Kuna mafunzo na mahojiano kabla. Nimejibu hili kwa sababu ba'mdogo aliliuliza mbele ya watu, na mbele ya watu linapaswa kujibiwa.

Ana mchumba huko?

Hana, na haruhusiwi. Hakuna uchumba muda wote wa misheni, wala kubaki chumbani na msichana peke yao. Mwenye binti wa kumwonesha amhifadhi hadi arudi.

Ni kweli hawaogelei?

Ni kweli, ni kanuni ya usalama kwa wamisionari wote. Kwa mtoto aliyefundishwa kuogelea Raskazone kabla ya kufundishwa kusoma, hili lilimuuma kuliko la chai, ambalo alikuwa amelizoea. Bahati Kitwe haina bahari.

Akiugua je?

Kila misheni ina kiongozi wake, mume na mke wanaoishi palepale kwa miaka mitatu, na wao ndio wanaopigiwa simu. Malaria imempata, akapelekwa kliniki, mwenza wake akakaa naye. Sisi tuliambiwa siku ileile.

Mbona hakuja kwenye msiba wa mama mkubwa?

Hili limesemwa sana, na baadhi limesemwa vibaya, kwa hiyo nitalijibu polepole.

Mama mkubwa alimlea miaka miwili akiwa darasa la tatu na la nne. Alipofariki Muheza, ndugu wote walifika, hata wa Mombasa, na yeye akakosekana. Kwetu kukosa maziko ya mtu wa hivyo ni jambo ambalo watu hulikumbuka hadi maziko yako wewe. Nalijua.

Utaratibu wa kawaida ni kwamba mmisionari anayefiwa hubaki kazini, ingawa kurudi si kitu kisichowezekana. Rais wa misheni, yaani yule kiongozi niliyemtaja, alimpigia yeye mwenyewe, akamruhusu aongee nasi wakati wowote siku zile bila kusubiri Jumatatu. Akaulizwa anataka nini. Akampigia baba, na baba ndiye aliyesema baki, nauli hiyo ingemkuta mwenzetu ameshazikwa. Waliotanga msiba siku ya tatu watakumbuka simu iliyowekwa juu ya stuli uani. Ile ilikuwa yeye. Alikaa hewani mpaka kisomo cha wazee wa kanisa kilipokwisha, na waombolezaji wa Kitwe, watu wasiomjua mama mkubwa hata kwa picha, walikuwa wamekaa naye chumbani, kina mama wa Kizambia na vitenge vyao, kimya. Walikuja na sufuria ya nshima. Kwa hiyo hakukaa matanga peke yake.

Je, mimi ningebaki? Nisingebaki. Ningepanda basi usiku uleule. Lakini si mimi niliyekuwa nimeahidi miezi 24, na baba amesharidhia. Naomba tumwachie hapo.

Atarudi lini, na akirudi atakuwa mchungaji?

Atarudi mwakani, Mungu akijalia. Anavuliwa kazi rasmi, anatoa beji, anakuwa muumini wa kawaida. Anataka kumaliza chuo. Msimwite Mzee, hicho ni cheo cha huko, kimeandikwa kwenye beji kabla ya jina la ukoo, na watoto wa mtaani wameshaanza kumtania nacho.

Naweza kumtumia kitu?

Nguo hapana, anahamahama na anabeba mabegi mawili tu. Chakula kinachooza hapana. Mwaka jana mtu alituma halua kwa basi kupitia Dar es Salaam na Tunduma, ikafika Kitwe imebadilika rangi, wakaila hivyohivyo. Kashata zinavumilia safari.

Na nikitaka kumwandikia?

Niletee ujumbe wako kabla ya Jumapili usiku, niutume aukute Jumatatu asubuhi. Ujumbe mfupi husomwa wote. Usimwombe pesa, usimweleze ugomvi wa shamba la Pongwe ambao hawezi kuutatua kutoka Kitwe, na usimtumie zile sauti za dakika kumi na mbili. Habari za harusi, watoto waliozaliwa, nani kahama na bei ya nazi zinamfurahisha sana. Matokeo ya Coastal Union ntamtumia mwenyewe. Kama Wagosi wamefungwa, naomba asiyapate kwa mtu mwingine kabla yangu.